Mashine Yangu Ndani ya Kifuniko cha Kinyozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa: Alhamisi, tarehe 14, kuanzia saa 4:05 asubuhi, chumba cha mapokezi
Shahidi: Mwanamke, miaka 47, anayejulikana na watu wote kama Mama Plagi
Kazi: Fundi wa mashine ndogo (mashine za kufyekea nyasi, za kupulizia majani, na misumeno ya injini)
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana yake, mtaa wa wauza mbao
Mwandishi: Koplo wa zamu

Nimepotelewa na mashine moja ya kufyekea nyasi, ya kuvaa begani, rangi ya machungwa. Imepotea Jumatatu tarehe 4 ya mwezi huu, saa tatu na dakika tano asubuhi, kutoka kwenye karakana yangu. Leo ni siku ya kumi. Hakuna kufuli lililovunjwa. Ilitoka mlangoni mchana kweupe, imening'inia kwenye mkanda wake, na aliyeibeba aliagwa kwa heshima. Ninajua nani anayo. Nitaeleza hatua kwa hatua, na nilipokosea nitasema, maana kosa la kwanza ni langu.

Mimi sikusomea ufundi. Miaka ishirini na miwili iliyopita nilianza kwa kuuza plagi kuukuu kwenye sinia. Nilikuwa nazisugua kwa brashi ya waya mpaka zitoe cheche tena, na jina langu limetoka huko. Leo nina karakana ya vyumba viwili, meza mbili za chuma, na wifi yangu anayekaa kaunta. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili Koplo aelewe kwamba nikitaja milimita moja na nusu, nimeipima, sikuiota.

Mashine ninayoidai ni yangu, si ya mteja. Nilianza kuifanyia kazi miezi saba iliyopita, jioni baada ya kazi za watu. Koplo ameniuliza: "Mama, mashine ya kufyeka ni mashine ya kufyeka. Yako ina nini cha ajabu?" Najibu kwamba kwa nje haina kitu. Kwa nje ni chakavu kuliko zote karakanani, na nimeiacha hivyo makusudi, kwa sababu kizuri kikionekana kinaombwa. Kazi yote iko ndani.

Injini hizi ndogo hazina oili yake yenyewe. Oili inachanganywa na petroli, na moshi unatoka kwenye tundu lililo ubavuni mwa silinda. Tundu hilo nimelipandisha juu milimita moja na nusu na kulitanua kwa tupa ndogo, kisha nikalisugua kwa msasa mpaka linateleza kama kikombe cha kauri. Gasketi ya chini ya silinda nimeitoa ili pistoni ibane zaidi. Ekzosi, yaani bomba la moshi, nimeitoboa, kutoka milimita kumi hadi kumi na nne. Mgandamizo umepanda kutoka pauni 130 hadi 168. Mizunguko imetoka elfu tisa na mia nne kwa dakika ikafika elfu kumi na moja na mia saba, na imekaa hapo bila kutetemeka.

Haikuja kirahisi. Silinda ya kwanza nililikwangua tundu likapita kiasi, nguvu zote zikakimbilia juu, chini ikawa haina hata ya kukata mchicha. Ya pili nilisahau kuvunja makali ya tundu, ringi ikanasa, ikavunjika vipande vitatu. Ya tatu niliifungia petroli mno kwenye kabureta ikakaukiwa, pistoni ikaganda ukutani. Ya nne ndiyo hii. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na ana maneno, aliniuliza siku moja: "Mke wangu, umeolewa na mimi au na hiyo silinda?" Nikamjibu kwamba yeye hajanigharimu vipuri. Jioni ilipowaka vizuri mara ya kwanza alitoka na futi yake shingoni, akasikiliza, akasema, "Haya, nimeshindwa. Karibu nyumbani, mume mwenza." Nilifurahi kuliko siku niliyofungua karakana.

Koplo ameniuliza kama vipimo nimeviandika. Ninavyo vyote, kwenye daftari, hadi nusu ya milimita. Lakini mkono hauandikiki. Ukinipa silinda mpya na daftari hilo hilo, huenda nikahitaji kuharibu nyingine tatu. Mashine hiyo ndiyo ninayotaka kuitumia kama kielelezo, kila nitakayoitengeneza niilinganishe nayo. Ikifa, nimerudi kwenye sinia la plagi.

Sasa naeleza ilivyopotea.

Mnamo Jumamosi tarehe 2, mteja wangu wa miaka sita aliniletea mashine yake. Huyu ni mfyekaji wa kukodiwa. Watu wote wanamwita Kinyozi kwa sababu husema yeye hafyeki nyasi, ananyoa. Mashine yake ni ya aina moja na yangu na rangi moja. Kwenye kifuniko cha injini ameandika kwa rangi nyeupe KINYOZI 3, kwa kuwa ni mashine yake ya tatu. Shida yake ilikuwa ndogo, ngozi ya kabureta imekakamaa. Nilibadilisha saa nane mchana siku hiyo hiyo, ikawaka.

Mnamo Jumatatu tarehe 4, saa moja na nusu asubuhi, nilitaka kujaribu kama injini yangu inapoa inavyotakiwa. Kifuniko changu kilikuwa na ufa, upepo wa feni unapotelea pembeni. Nikafungua kifuniko kizima cha Kinyozi, skrubu nne, nikakifunga kwenye mashine yangu. Niliiendesha dakika kumi na mbili. Ilipoa vizuri sana. Nikaizima, nikaiweka chini karibu na mlango, na mashine yake ikabaki uchi juu ya rafu. Nilikuwa nirudishe kifuniko palepale. Lakini jino langu la mwisho upande wa kulia lilikuwa limeniamsha tangu alfajiri, na daktari aliniambia nifike kabla ya saa tatu. Nikaondoka saa mbili na dakika ishirini. Sikumwambia wifi neno lolote, kwa sababu kufungua mdomo tu kulikuwa adhabu.

Hilo ndilo kosa langu. Fundi yeyote anajua, kifuniko cha mteja hakivuki meza. Nimelirudia hilo kwa kila aliyepitia karakana yangu, kisha nikalivunja mwenyewe kwa ajili ya dakika kumi na mbili za upepo.

Nilirudi saa nne kasoro kumi, pamba mdomoni, shavu limevimba. Karibu na mlango palikuwa patupu. Nilionyesha kwa kidole. Wifi akasema, "Pole, wifi. Limetoka lote?" Nikaonyesha tena pale chini. Akasema, "Aa, hiyo? Mwenyewe kaja kuichukua, saa tatu na dakika tano. Nimeandika." Nilichukua kalamu nikaandika kwenye karatasi ya risiti: MWENYEWE NI MIMI. Akasoma, akacheka, akadhani ni sindano ya ganzi imenipanda kichwani. "Wifi, jina lake si limeandikwa mgongoni? Nimpe nani, daktari wako wa meno?" Simlaumu. Alifuata jina, na ndivyo nilivyomfundisha.

Siku hiyo hiyo saa kumi na nusu jioni nilikwenda nyumbani kwa Kinyozi, mdomo ukiwa umefunguka kidogo. Nilimkuta anaisafisha mashine kwa kitambaa cha pamba, jambo ambalo katika miaka sita sijawahi kumwona akilifanya. Nikajua kwamba anajua.

Nilimwambia, "Kinyozi, kaka yangu, kumetokea kosa. Hiyo ni yangu. Yako iko kwenye rafu, nzima, nitakuletea mwenyewe."

Akasema, "Mama Plagi, mimi nilikuwa nije kukushukuru. Umenitengenezea mpaka nimeshangaa. Jina langu si hili hapa?"

"Jina lako liko kwenye kifuniko. Mtu akiazima koti lako, utamchukua na yeye?"

Akafikiri, akasema, "Kama anafanya kazi namna hii, namchukua. Namwozesha na binti."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, nakiri, ingawa jino liliniuma. Kisha nikamwambia kwa utaratibu: nakurudishia yako na kabureta mpya, kichwa kipya cha uzi wa kukatia, na sikudai hata senti ya matengenezo. Akajibu, "Nililipia mashine inayofanya kazi. Ninayo inayofanya kazi. Mke wangu, mletee Mama Plagi maji." Nilikunywa maji nikaondoka. Hakunitukana wala kunifukuza, na hilo naomba liandikwe, maana sikuja hapa kumchafua mtu.

Kuanzia tarehe 5 hadi jana nimekuwa naifuatilia kwa masikio. Naijua sauti yake. Ile ya kawaida inalia kama nyuki ndani ya chupa, ila yangu ikipanda inafunguka, halafu inatulia juu kama mtu aliyefika kileleni akavuta pumzi. Jumatano tarehe 6 nilikuwa nje ya ua wa shule, na saa yangu mkononi. Uwanja wa mbele wa shule ile Kinyozi huumaliza kwa saa nne na robo, nilimsikia mwenyewe akilalamika. Siku hiyo alimaliza kwa saa mbili na dakika hamsini na mbili. Nilisimama pale nimekasirika kama mtu aliyeibiwa, na huku natabasamu kama mama kwenye mahafali. Mlinzi wa shule aliniuliza kama nina mtoto darasani. Nikamwambia, "Ninaye, yule anayepiga kelele."

Lakini Jumatatu tarehe 11, nyuma ya hospitali, saa tano asubuhi, niliisikia imebadilika. Ikifika juu ilikuwa inalia nyembamba, kavu. Ni sauti ninayoijua tangu silinda ya tatu. Nikamsubiri azime, nikamuuliza anachanganya oili kiasi gani. Akasema, "Kama siku zote. Mililita ishirini kwa lita."

Ishirini inatosha mashine ya kawaida. Hii inabana zaidi na inazunguka zaidi, inataka arubaini kwa lita, na petroli ifunguliwe robo mzunguko kwenye kabureta. Nilimweleza hivyo hivyo. Akanijibu, "Mama Plagi, umekosa mashine, sasa unataka kunimaliza kwa oili."

Kesho yake, tarehe 12, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipeleka kwake chupa ya oili nzuri, nimeifunga uzi mwekundu kwenye kipimo cha arubaini. Nilikuwa kama mama aliyenyang'anywa mtoto, naye anampelekea uji dirishani. Jioni nikaikuta chupa juu ya kaunta yangu, haijaguswa. Wifi alisema Kinyozi ameirudisha na salamu: mwambie nimeshiba.

Nimeulizwa na Koplo kwa nini sikuja mapema, na kwa nini nimekuja leo. Sikuja mapema kwa sababu nilidhani mtu wa miaka sita atachoka na utani. Nimekuja leo kwa mambo mawili. La kwanza ni uwanja wa mpira. Kinyozi ameuchukua uwanja mzima kwa Jumamosi tarehe 16, majani yamefika gotini, na amemwahidi msimamizi kuumaliza kwa saa tano, kazi aliyokuwa akiifanya siku mbili. Tanki la mashine yangu ikiwa kwenye kasi kamili linakaa dakika thelathini na mbili. Saa tano ni matanki tisa na zaidi, juani, kwa mililita ishirini. Nimepiga hesabu mara tatu. Haitafika tanki la sita.

La pili ni kwamba leo ni Alhamisi ya pili ya mwezi.

Koplo amesema, "Alhamisi ya pili imefanya nini?" Nimemwomba aweke kalamu chini kidogo. Saa 4:41 mashine ya kufyekea imewashwa nje, upande wa maegesho ya kituo. Koplo amekwenda dirishani. Amesema, "Huyo ni Kinyozi. Hufyeka hapa kila mwezi." Nimesema, "Najua, afande. Ndiyo maana nimekuja leo na si jana."

Nimemwomba asikilize. Amesikiliza. Imepanda, imefunguka, na juu imelia kavu kama nilivyoeleza, kavu kuliko Jumatatu. Koplo amesema, "Mimi sijui injini, lakini hiyo leo imemaliza kona yote kabla sijamaliza kuandika sentensi yako." Nimeomba hilo pia liingie kwenye maelezo.

Kisha nimeiwasha ya pili. Nimekuja na mashine ya Kinyozi mwenyewe, ndani ya gunia, haina kifuniko, nayo iko hapa mlangoni. Nimeivuta kamba mara moja pale barazani, dakika moja tu, na Koplo amesikia zote mbili kwa wakati mmoja, nyuki wa chupani na yule wa kileleni. Nje, mashine yangu imezimwa ghafla. Kinyozi amegeuka akatazama barazani. Nimempungia mkono, naye amenipungia.

Nimeulizwa kama nina ushahidi mwingine zaidi ya sauti. Ninao. Ekzosi ya mashine anayoitumia imeshikwa na bolti mbili. Zikifunguliwa, kazi ya dakika nne, mtu yeyote mwenye macho ataona tundu pana lililosuguliwa. Akikwangua masizi kwa kijiti kwenye ukingo wa chini wa njia ya moshi, atakuta vitone vitatu nilivyopiga kwa msumari wa chuma. Vitone vitatu ni zile silinda tatu zilizokufa kabla yake. Kiwanda hakiwezi kuwa kimeviweka, na Kinyozi hawezi kujua kwamba vipo, kwa sababu hata wifi hajui, ni mume wangu tu anayevijua kwa kuwa alinishikia taa. Kama tundu ni jembamba na vitone havipo, nitaomba radhi mbele ya kituo hiki, na nitamtengenezea Kinyozi mashine zake zote bure kwa mwaka mzima.

Sitaki afungwe. Nimeulizwa mara mbili, nimejibu mara mbili. Kifuniko ni chake, akichukue. Mashine yake hii hapa, inawaka, mmeisikia. Na nasema wazi hapa, akinirudishia yangu, nitakaa na hiyo yake jioni nne, nitaitoa gasketi na kulilainisha tundu lake kwa mkono huu huu, ili na yeye anyoe kwa saa mbili na dakika hamsini na mbili. Si lazima nifanye hivyo. Ni kwa kuwa nimesimama nje ya ua siku tisa nikasikiliza, nami nataka kusikia nyingine kama hiyo, hata ikiwa begani kwake.

Ila kwanza nataka jibu. Namuuliza Kinyozi swali moja, mbele ya polisi: unakubali bolti mbili za ekzosi zifunguliwe, ndiyo au hapana? Sitaki "tutaangalia", sitaki "mwambie nimeshiba", wala maji ya kunywa. Neno moja. Nalitaka hapa kituoni kesho Ijumaa tarehe 15, kabla ya saa sita kamili mchana, ili kama ni ndiyo, niwe na alasiri nzima ya kuikagua pistoni kabla mtu yeyote hajaiingiza kwenye uwanja wa mpira.

Nimeyasema haya kwa hiari, kama nilivyoyaona, kuyasikia na kuyapima. Nimesomewa, nimesahihisha sehemu moja (ni milimita kumi na nne, si kumi na tano), na naweka sahihi.

(Sahihi) Mama Plagi

Kumbukumbu ya mwandishi: Maelezo yamefungwa saa 5:32 asubuhi. Mashine moja isiyo na kifuniko imepokelewa kituoni ndani ya gunia. Shahidi alipotoka ameacha juu ya ngazi chupa ya oili yenye uzi mwekundu. Saa 5:40 nimemfuata mfyekaji maegeshoni, nimemsomea swali la shahidi na muda wake. Amesema amesikia, atajibu kesho. Hakuiwasha tena mashine. Kona iliyobaki ameikata kwa panga. Saa 5:55 amekuja dirishani akiwa na chupa mkononi akaniuliza: "Afande, hebu niambie, alisema arubaini ni kwa lita, au kwa tanki zima?" Nimeliandika swali lake kama alivyoliuliza.

(Sahihi) Koplo wa zamu